Mfarishi Hautaki Kusimama

Mfarishi ni kitu cha kulala. Unatandikwa, unalaliwa, watu wanajifunika usiku wa kusi, asubuhi unakunjwa, basi. Hakuna bibi wa hapa Tanga aliyeshona mfarishi huku akiwaza kwamba siku moja utasimamishwa ukutani upigwe picha ya pasipoti. Lakini siku hizi mteja hanunui asichokiona kwenye simu, na wateja wangu wengi hawako Tanga. Wako Dar, wako Mombasa, na mmoja, wifi yangu, yuko Muscat. Huyo ndiye msumbufu kuliko wote kwa kuwa ni ndugu. Mgeni akiona hapendi hukaa kimya. Wifi husema, "Hebu nitumie nyingine, mwaya. Hii hainionyeshi."

Mimi hushona mifarishi ya viraka. Vipande vya kanga na vitenge navipata kwa mafundi cherehani. Zamani walinipa bure, sasa wameshajua navifanyia nini, wananipimia kwa kilo. Juu viraka, katikati blanketi jembamba lililochoka, chini bitana ya amerikani, kisha tabaka zote tatu nazishika kwa bandi la mkono, kuanzia kingoni kuelekea katikati. Watu huniuliza nimejifunza kwa Wazungu gani. Huwaambia kuna Wasidi wa Karnataka, kule India, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa mtindo huohuo wa kuanzia nje na kumalizia katikati. Kila pembe huweka vipande vya pembetatu vilivyokunjwa, wanaviita phula, maua. Mfarishi usio na maua hayo, kwao uko uchi. Nami huyaweka, tena kwa moyo, na katika kila picha ninayopiga lazima pembe moja ikatwe. Mifarishi yangu imefika Muscat robo uchi.

Kushona ni kazi ya mtu mmoja, cherehani na redio. Picha inataka ukoo.

Mume wangu ndiye aliyetoa wazo la kwanza: si uupige palepale kitandani? Wazo lilikuwa na akili, ila kamera haina. Ukisimama miguuni mwa kitanda, upande ulio karibu nawe unatoka mpana, ule wa mtoni unatoka mwembamba, na kitu ulichokipima kwa rula wiki nzima kinaonekana kimekatwa na mtu mwenye haraka. Ili mfarishi utoke mraba, simu lazima iwe juu yake sawasawa, yaani mpigaji akae darini. Nikaweka stuli juu ya kitanda, nikapanda. Wanaozijua nyumba zetu wanajua kilichoko katikati ya dari ya chumba cha kulala. Nilikuwa nimenyoosha mikono, simu juu, pumzi nimeibana, mume wangu akaona giza, akataka kuniwashia taa. Swichi ziko mbili, zimepangana. Akawasha pangaboi.

Basi, ukuta. Ukuta mkubwa wa sebule yetu una runinga, kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, saa iliyosimama, na picha ya harusi ambayo mama mkwe huikagua kabla hajasalimia. Ukivitoa vyote unabaki na nafasi ya futi saba, na mfarishi wa kitanda cha sita kwa sita, pamoja na sehemu ya kuning'inia pembeni, ni futi nane kwa nane. Futi iliyozidi inapinda kona inaingia ukuta wa pili. Misumari nayo ni kesi. Plasta ya nyumba hii ina mchanga mwingi kuliko saruji. Msumari ukitoka unatoka na kipande cha nyumba. Mwenye nyumba anakaa mtaa wa pili, lakini nyundo ikigonga humu anafika kabla ya msumari wa pili, kajifunga msuli, anauliza kwa upole kama tunahama.

Wenzetu wa makumbusho hawapigilii mfarishi msumari. Nyuma yake, juu kabisa, hushona ukanda wa kitambaa wa upana wa kama inchi nne, ulio wazi pande mbili, wakapitisha ubao mwembamba, uzito wote ukabebwa na ubao. Ukanda huo usibane, uachwe na ulegevu kidogo, la sivyo ubao unatokeza kwa mbele mithili ya mbavu. Nikaushona, ukakaa vizuri mno. Mume wangu akaenda kwa seremala kununua papi, iliyonyooka, aliapa, kwa macho yake mwenyewe. Papi hunyooka zikiwa dukani. Mfarishi ulipopanda, safu zangu zote zikafuata tumbo la papi, na wifi akauliza kama nilishona huku nasinzia.

Ndipo mume wangu alipogeuzwa ukuta.

Akasimama juu ya stuli nyuma ya mfarishi, papi kaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa. Ni mtu wa subira, wala simsifu kwa sababu anasoma gazeti hili. Lakini mikono ya binadamu haikuumbwa kubeba blanketi, viraka na amerikani huku mke anatafuta mwanga mzuri. Mwanzo mfarishi ulikuwa sawa. Kisha bega la kushoto likashuka. Nikasema, "Kushoto juu." Akapandisha kulia. Nami nilikuwa nimerudi nyuma hadi kwenye ukumbi wa wapangaji wote, maana futi nane haziingii kwenye kioo cha simu ukiwa sebule ya futi kumi. Na ukitumia ile kamera ya kuona mbali pembeni, kingo zinavimba. Mara simu yake ikaita mfukoni. Akaipokea kwa bega. Nyuma ya mfarishi nikasikia sauti yake tulivu ikisema, "Nipo, nipo, kuna kazi kidogo nasimamia."

Picha ile ilitoka safi ajabu. Viraka vyote vilionekana. Vilionekana pia vidole vinane vimejipanga juu, na chini kandambili mbili, moja ya bluu, moja ya kijani. Wifi alijibu papo hapo: "Hizo si kandambili za kaka yangu? Mbona hazifanani?" Hadi jioni kundi zima la familia ya upande wa mume lilikuwa linajadili kama kaka yao anatunzwa. Mfarishi hakuna aliyeutaja.

Ndani ya nyumba kuna shida nyingine, ya rangi. Balbu ya manjano inaigeuza amerikani kuwa rangi ya samli. Ukuta wetu wa kijani hafifu unatia ukijani kila cheupe kinachousogelea. Flashi ya simu ndiyo mbaya zaidi: inafuta vivuli, na bandi la mkono lililokuumiza vidole linaonekana limechapishwa kiwandani. Zima taa zote, fungua pazia, acha mwanga wa dirisha uingie ubavuni. Hapo kila tuta la uzi linapata kivuli chake na mtu anaona umefanya kazi. Hili nalisema kwa uhakika, jaribuni. Mimi tu ndiye nisiyefaidi, kwa sababu dirisha letu lina nondo, na asubuhi jua likipita mfarishi unaonekana umehukumiwa kifungo.

Tukatoka uani, kwenye kamba ya kuanikia. Jua lilikuwa nyuma ya mfarishi. Nikatazama kwenye simu, nikaona kitu kinanitazama. Lile blanketi la katikati, nililolitia kwa kuwa jembamba, lina picha ya simba. Mwanga ulipita kwenye viraka vyeupe ukamtoa mzima mzima, manyoya ya shingo na mdomo wazi. Mteja mmoja wa Dar akaandika kwamba kazi ni nzuri, lakini yeye na mumewe ni Yanga wa kuzaliwa, hawawezi kulala na Simba. Nikamweleza ni blanketi tu. Akasema anaelewa, ila mumewe ameshaona.

Nikageuza mfarishi, jua likawa mbele. Kusi nalo likaamka. Futi nane kwa nane ni eneo kubwa. Mfarishi ukavimba kama tanga la jahazi, vibanio vikaruka kimoja kimoja, na ile nguzo ya kamba, ambayo kila siku tunasema itasimikwa upya, ikaanza kuelekea bara. Na kunguru wakaja. Wale kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka. Mimi sina ugomvi na historia. Nasema tu kwamba yule aliyetua juu ya kamba yangu hakuja kusafisha.

Hata hivyo upepo na kunguru si kitu. Kilichonichosha ni kusomwa.

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno ya chini. Ukiikata viraka, jina nalo linakatika, linabaki neno moja hapa, neno moja kule. Kitandani hakuna shida. Maneno yamelala, mengine yako juu chini, na anayelala hasomi. Usimamishe mfarishi huohuo kwenye ua wenye familia tatu, kila mtu anakuwa msomaji. Mimi nilikuwa nimepanga viraka kwa rangi. Chekundu kilikuwa na neno WIVU. Chini yake cha zambarau, kwa sababu zambarau inapendeza chini ya nyekundu, kilikuwa na neno JIRANI.

Jirani wa chumba cha mbele alitoka na ndoo. Akasimama. Nikaona midomo yake inasoma. Akaweka ndoo chini, akasoma tena.

"Shoga, ni viraka tu hivyo," nikamwambia.

"Naviona," akasema. "Vinajua kuandika."

Pwani hii hakuna anayeamini kwamba kanga imesema kwa bahati mbaya. Aliingia ndani, akatoka na kanga mpya, kaipiga pasi kabisa, akaianika kwenye kamba yake mkabala na yangu, jina likinitazama. Jina lenyewe silitaji, watoto nao wanasoma. Na ajabu ya Mungu, upepo ukatulia dakika hiyohiyo, mwanga ukawa mzuri, mfarishi ukanyooka, nikapiga picha bora kuliko zote. Kanga yake ikiwa nyuma, kila herufi imesomeka. Mteja wa Mombasa akajibu haraka: mfarishi atafikiria, lakini ile kanga ya nyuma doti bei gani?

Tulipatana kwa sahani ya vitumbua. Tangu hapo, kabla sijaunganisha safu za mwisho, humwita aje ahariri. Ana jicho kali. Juzi aliniondolea kiraka kilichokuwa kinamtukana mama mkwe wangu bila mimi kujua.

Picha ikishakubalika hubaki bei, nayo ni kilio cha wengi waliotutangulia. Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Mwaka 1886 mfarishi wake wa hadithi za Biblia ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, huko huko Georgia. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, akautamani, mwenyewe akakataa kuuza. Mwaka 1891 shida ikamfikisha mahali pa kukubali: akataja dola 10, akapewa 5. Leo mfarishi huo uko makumbusho ya Smithsonian, Washington. Humkumbuka kila wifi anapoandika "mwisho ngapi?" na roho yangu hutulia, maana angalau Powers hakuambiwa atume picha nyingine.

Anayenipa moyo zaidi ni Annie Mae Young wa Gee's Bend, Alabama. Mpiga picha Roland Freeman aliupiga mfarishi wake ukiwa umetupiwa juu ya lundo la kuni. Hakuna papi, hakuna stuli, hakuna mume. Picha ikatoka kitabuni, mkusanyaji William Arnett akaiona, akafunga safari kuusaka, na mwaka 2002 mifarishi ya wanawake wa kijiji kile ikaonyeshwa Houston, kisha New York katika makumbusho ya Whitney. Kule ilitundikwa ukutani, naam, na watu wenye ngazi na mishahara.

Nilipomsomea mume wangu habari hiyo alitoka nje bila neno, akaanza kupanga kuni.

Nami sasa nasema wazi kwamba lundo la kuni linashinda ukuta, kitanda, kamba na ndoa. Mfarishi unajilaza kwa mteremko, haupepei, haunyooshwi na mtu, jua la asubuhi linaupiga ubavuni, na mikunjo michache inamwonyesha mteja kwamba kitu kina unene. Wifi ameshalipa, kwa maelezo kwamba kaka yake apumzike. Wengine mnaosubiri, naomba msome hapa kabla ya kunipigia: wa sita kwa sita ni futi nane kwa nane, pembe zote nne zina maua hata kama mnaziona tatu, simba hayumo kwenye bei, na vile vidole vya juu vina mwenyewe, haviuzwi.