Tuandikisheni Kuwa Meli

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa kampuni za simu, Kinshasa.

Salamu nyingi kutoka Likasi, komini ya Kikula. Sisi hatujambo. Mega zetu pia hazijambo, isipokuwa zile zilizofariki usiku wa manane bila kuguswa na mtu. Ujumbe wenu wa rambirambi tuliupata kwa wakati: «Mpendwa mteja, forfe yako imekwisha. Nunua nyingine.» Asanteni sana. Rezo ilikuwa imepotea tangu saa kumi na mbili jioni, lakini ujumbe huo ulipenya mpaka kitandani. Hapo tunawavulia kofia. Mnara usioweza kutuletea picha ya mtoto aliyezaliwa Kolwezi haujashindwa hata mara moja kutukumbusha kununua tena.

Nawaandikia kwa sababu ya meli.

Januari 2024, meli iitwayo Icon of the Seas iliondoka Miami na watalii. Ina sitaha 20, na ikijaa inabeba abiria wapatao 7,600. Baharini hakuna mnara, hakuna nguzo, hakuna hata mti wa kufungia waya. Hata hivyo abiria analala kando ya bwawa, anaelekeza simu kwenye sahani ya kamba wa baharini, na jamaa zake wa nyumbani wanamwona akitafuna. Wenye meli hiyo, Royal Caribbean, walitangaza Agosti 2022 kwamba meli zao zote zitafungiwa intaneti ya setilaiti ya Starlink.

Lakini hiyo si habari iliyonikosesha usingizi. Iliyonikosesha usingizi ni ya kabla yake. Mwaka 2007 Mmarekani mmoja, Greg Wyler, alianzisha kampuni ya setilaiti iitwayo O3b, kwa nia ya kuwafikishia intaneti watu bilioni 3 ambao nyaya za dunia zilikuwa zimewaruka. Yaani sisi. Setilaiti za kwanza zilirushwa Juni 2013, zikazunguka juu ya ikweta, kama kilomita 8,000 kutoka ardhini. Kwa Likasi hapo ni karibu utosini. Mwaka 2014, Oasis of the Seas, meli nyingine ya Royal Caribbean, ilikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo, ikatamba kwamba intaneti yake haina mfano baharini. Sisemi huduma hiyo haikuuzwa Afrika; iliuzwa. Nasema tu kwamba mtu alitoka kwake na mtungi wa maji kwa ajili ya wenye kiu, njiani akawakuta watu wanaogelea, akawaongezea.

Basi nikaelewa. Tumewaonea miaka yote hii kwa kudhani kwamba tatizo ni umbali, au umeme, au bei ya mafuta ya jenereta ya mnara. Tatizo ni kwamba Likasi haielei.

Kwa heshima zote, tunaomba mji wetu uandikishwe kuwa meli ya starehe.

Kazi haitakuwa kubwa. Jina lisiwatishe: tulikuwa Jadotville hadi 1966, tukabadilishwa, wala hakuna aliyezama. Bendera tupeni ya Bahamas, ambayo ndiyo ya meli hizo za Marekani. Kuchimbwa hapa na kuandikishwa mbali ni jambo tulilolizoea. Mabomba ya moshi ya kiwanda cha Shituru yatabaki yalipo, kwa sababu meli bila bomba haina hadhi, na kutu tayari ipo. Komini ya Panda itakuwa chumba cha injini. Komini ya Likasi yenyewe, yenye maofisi na miti ya Wabelgiji, itakuwa sitaha ya juu kwa wenye kulipa zaidi, na sisi wa Kikula tutakuwa chini kabisa, kwenye vyumba visivyo na dirisha. Hatutanung'unika, ramani ya mji ilikwisha kutupanga hivyo zamani. Ziwa Changalele litakuwa bwawa la kuogelea. Kuhusu maji ya kuelea, njooni Januari mvua ikikolea mtazame barabara zetu, halafu mtuambie kama bado mna shaka. Meya atakuwa nahodha, na kofia nyeupe tutamshonea. Vijana wa pikipiki watakuwa mabaharia. Kengele ya chakula italia saa saba: bukari, sombe na samaki wakavu, kila mtu ajipakulie. SNEL ikikata umeme, king'ora kitalia na abiria wote watakusanyika uwanjani na jaketi za kuokolea. Jambo hilo litatupa mazoezi karibu kila siku. Na mtajivunia, waheshimiwa, kuwa na meli inayoelea zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Ila kuna kitu kimoja cha melini tunachokitamani kuliko bwawa na kofia: meza ya malalamiko. Abiria wa kule hulipa dola ishirini na kitu kwa siku kwa ajili ya intaneti, nayo pia hukwama. Ikikwama, anashuka ngazi na kaptula yake, anamkuta mtu mwenye jina kifuani, anamfokea mpaka roho itulie. Tunamtaka mtu huyo. Tutamtunza, tutamtafutia nyumba na hata mke. Kwa sasa tunapiga namba, sauti ya dada inatuambia tubonyeze 1, kisha 2, unakuja muziki, kisha rezo inakatika.

Msituambie Starlink imefika. Machi 2024 ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, ilisema haina ruhusa nchini, Mei 2025 leseni ikatoka, na bei ya sahani yake haijawahi kupita karibu na mshahara wa mwalimu.

Mnatuuzia saa. Hilo ndilo jina la biashara yenu. Pesa zikitoka mfukoni mwetu saa inaanza kuhesabu. Mnara ukilala, saa haisimami. Fundi viatu akikaa na kiatu changu wiki nzima bila kukishona, hanidai. Ninyi mnadai, mnakula, mnatuma rambirambi. Mama anasimama kwenye farmasi ya Kikula, pesa ziko ndani ya simu, dawa iko kwenye rafu, mtoto yuko mgongoni anachemka, na mwenye farmasi anasema: ngoja rezo irudi. Hiyo si hitilafu ya kiufundi. Na simu aliyoshika yule abiria wa bwawani ina betri, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi hii, sehemu kubwa kwenye ardhi yetu ya Katanga. Jiwe limepita mpaka wa Kasumbalesa kwa lori, limevuka bahari, limepanda meli. Jiwe limeunganishwa. Mwenye jiwe anangoja kwenye farmasi.

Samahani. Nilikuwa kwenye habari za kofia.

Maombi mengine ni madogo. Mega zisizotumika kwa sababu ya mnara wenu zisife na mnara wenu. Mkurugenzi mmoja, yeyote, aje Kikula saa moja jioni ajaribu kutuma fomu ya mtoto wake ya chuo. Na mturudishie zile pesa za kodi ya simu, RAM, mlizotukata kwenye inite kuanzia 2020 hadi kodi hiyo ilipofutwa 2022: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Tunajua mtasema ilikuwa ya serikali. Mkono uliokata ulikuwa wenu. Tulilipia simu kuwa na uwezo wa 4G; 4G yenyewe haikuhusika.

Wala msifikiri hatuoni mema yenu. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa kwa amri, ikakaa imezimwa karibu siku 20, Likasi haikusahauliwa. Hatukuambiwa tungoje fundi. Siku hiyo tulihudumiwa sawasawa na Kinshasa.

Wenu mtiifu,
Abiria wa sitaha ya chini, Kikula

Tanbihi: Jibu msilitume kwenye simu. Mpeni dereva yeyote wa basi pale Lubumbashi; ni kilomita 120 tu, naye akisema atafika jioni, hufika.