Injini Kubwa, Kifuniko Kile Kile

Mtu wa Webuye anayeng'oa injini ya Prado ya familia nyuma ya nyumba yake ili aweke kubwa zaidi atakuambia anatafuta nguvu za kupandia Timboroa. Mimi nasema anakwepa kununua kifuniko cha rejeta. Najua neno hili litawaudhi watu, hasa wale ambao saa hii wamesimamisha nguzo tatu za mkaratusi uani, mnyororo wa kuinulia unaning'inia katikati, na nati zote zimo ndani ya mkebe wa Kimbo, isipokuwa zile ambazo kuku wamekwisha kuzichakura. Lakini ushahidi unaelekea huko, na uchunguzi wowote wa haki huanza na marehemu.

Marehemu mara nyingi ni 2L-TE, dizeli ya sisi 2,446 ambayo Toyota ilizitia Prado za kwanza mwaka 1990. Ilikuwa na nguvu za farasi 97 na mwili mzito wa kuvuta, na sifa yake inajulikana popote ilipofika: inachemsha, kisha hedi inapasuka. Fundi akisema "hii injini ni dhaifu, mkubwa, weka 1KZ," anasema jambo lenye chembe ya ukweli. Asichosema ni kwamba injini haichemshi peke yake. Webuye iko kama mita 1,500 juu ya bahari, Eldoret karibu 2,100, na Timboroa inapita 2,700. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka upesi: Mombasa yanahitaji nyuzi 100, Webuye kama 95, Timboroa 91 hivi, na ndiyo maana maharagwe ya huko juu hula kuni nyingi. Injini nayo hufanya kazi katika joto lililo jirani kabisa na hilo. Kinachoyazuia maji yasitokote ni shinikizo, na kinacholishika shinikizo ni kile kifuniko kidogo chenye springi na mpira. Mpira ukikauka, shinikizo linatoroka, maji yanageuka mvuke ndani ya hedi, na mvuke haupoozi chuma. Basi gari linakufa kwenye mlima, mlima unalaumiwa, na kifuniko kinarudi nyumbani bila hata kuhojiwa.

Fungua boneti ya gari lolote kati ya hayo utazame polepole. Hosi ya juu imefungwa kwa blada, mizunguko mingi, kama mguu wa mcheza mpira. Themostati haipo, ilitolewa zamani na fundi aliyeamini kwamba inazuia maji, na tangu hapo injini haipati joto asubuhi wala hainywi dizeli kwa adabu. Feni inazunguka kwa uvivu kwa sababu klachi yake imechoka. Ndani ya rejeta mna maji ya mtungi, yale yale ya kunywesha ng'ombe, na kutu ya rangi ya chai ya maziwa imeziba nusu ya mirija. Kila kimoja cha hivyo kina bei inayojulikana, na vyote kwa pamoja havifikii bei ya injini kutoka Japani. Lakini nani atawaita majirani waje kuona themostati? Injini inayoinuliwa na wanaume sita ni sherehe. Inaleta watazamaji, washauri, na mjomba kutoka Kamukuywa ambaye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Panpaper na kwa hiyo anajua mashine zote.

Sasa 1KZ-TE ya sisi 2,982 inashushwa mahali pa mwenzake na kuungwa na rejeta ile ile. Farasi wamekuwa 130, na farasi wengi huleta joto jingi. Na hiyo 1KZ nayo, watu husahau kutaja, ina historia yake ya kupasua hedi ikichemshwa. Kilichobadilika kweli ni kipimo cha joto kwenye dashibodi: kihisio cha injini mpya hakikuungwa na waya wa zamani, mshale umelala chini, na mwenye gari anafurahi kwamba safari hii halichemshi kamwe.

Ataniambia kwamba Toyota wenyewe walifanya hivyo hivyo: mwaka 1993 Prado iliacha 2L-TE ikapewa 1KZ-TE. Ni kweli, na ni hoja nzito. Ila kiwandani injini ile iliingia pamoja na waya zake na kompyuta yake, mbele ya watu waliolipwa kupima joto. Haikuingia chini ya mkaratusi ikiwa na nati tatu zilizobaki mkononi na jibu kwamba "hizo ni za ziada."

Wengine hushikilia hoja ya mafuta, kwamba injini kubwa haijitesi na hivyo hunywa kidogo. Mlimani, labda. Lakini mtu huyo huyo hakuiongeza nguvu ili aende polepole, na tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei za mafuta atakuwa wa kwanza kuzima redio. Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu: gari jipya halinunuliki, na sheria hairuhusu kuagiza lililozidi miaka 8. Sawa. Basi tengeneza ulilo nalo. Hedi hubadilishwa, rejeta huzibuliwa, na Prado ya farasi 97 hufika Nairobi, hata kama lori la Malaba litaipita mara moja au mbili.

Zaidi ya hayo, injini ya zamani ina namba iliyoandikwa kwenye logbuku. Injini mpya inatakiwa ipelekwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, gari likaguliwe, ujazo ubadilishwe, na kampuni ya bima iarifiwe. Hatua hii kwa kawaida hupangiwa wiki ijayo. Wiki hiyo hiyo ijayo, ile 2L-TE iliyong'olewa huchomelewa ufa wake, hupakwa rangi ya fedha, na kuuzwa kwa mwenye Prado wa Kimilili kama injini safi isiyo na tatizo lolote, na kifuniko cha rejeta juu yake bure.