Mkato, Mfuta Madeni

Hakuna kiumbe mnyenyekevu kama mkato. Umejikunja chini ya mstari, hauombi cheo, na hakuna aliyewahi kuupa mkono wa heri. Leo nausifu hadharani.

Sifa yake kuu ni huruma. Ofisi yetu ya dagaa Kigoma ililetewa kompyuta kutoka tawi la Bujumbura, imepangwa kwa Kifaransa. Menyu zikageuzwa Kiingereza, watu wakapiga makofi. Namba hakuna aliyezigusa. Kwa mashine ile, mkato ndio mwanzo wa desimali. Karani akinakili madeni kutoka baruapepe na kuyabandika kwenye lahajedwali, mama anayedaiwa 850,000 anabaki na 850, zile sifuri tatu zikihesabiwa kuwa vipande visivyo na thamani. Benki gani imewahi kusamehe hivyo? Bila barua ya maombi, bila mdhamini, bila kuitwa mbele ya kamati!

Na mwenye deni kubwa ndiye anayehurumiwa zaidi. 12,400,000 ina mikato miwili, na desimali mbili katika namba moja haziwezekani. Basi programu inaichukulia kuwa maandishi, inaiegemeza kushoto mwa kisanduku, na jumla ikipigwa inairuka kimyakimya. Mama wa soko kabakiziwa cha kulipa; tajiri wa mitumbwi hadaiwi hata thumni. Nani kasema mashine hazijui desturi zetu?

Mkato una upatanishi pia: mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Uzani uliamua desimali iandikwe kwa nukta au kwa mkato, vyovyote. Vyovyote! Ukashauri maelfu yatenganishwe kwa nafasi tupu, bila nukta wala mkato, na sisi sote tukaendelea kama kawaida.

Ila jumla ile ilikuwa ndogo kiasi cha kumshtua mtoto wa darasa la tatu. Mhasibu akaisaini. Meneja akaisaini. Mkurugenzi akaigonga mhuri bila hata kuvaa miwani. Fedha zilipopungua, barua ya kujieleza ilitoka moja tu, ya karani, na ilitaka majibu kabla ya saa kumi. Kubadilisha mipangilio ni kazi ya dakika moja, lakini nywila anayo jamaa wa IT, naye yuko Arusha kwenye semina ya mageuzi ya kidijitali, pamoja na meneja.