Nani Aliamka Saa Tisa?

Mjomba,

Huku Sheffield tu wazima, baridi tu ndiyo haina adabu. Najua barua yangu ikifika utaanza kwa kutafuta kalamu nyekundu, ndiyo maana nimeandika kwa Kiswahili. Lakini habari yenyewe ni ya Kiingereza, tena ni mashtaka, na hakimu ni wewe.

Wewe ndiye uliyetuimbisha darasani "I was, you were, he was", na aliyekosea alikwenda kufyeka majani nyuma ya choo. Sasa sikiliza. Huku Yorkshire wenye lugha yao wanasema "I were". Mtu akikwambia "I were sat", anakueleza kwamba alikuwa amekaa. Jirani yangu, mama aliyezaliwa mtaa huu huu, kutwa ni "she were" na "it were", wala hakuna anayempa panga akafyeke. Nilimtajia kanuni yako. Akacheka mpaka akashika ukuta, akaniita "love", akaingia ndani.

Wazee wa hapa, hasa waliochoma maisha yao kwenye viwanda vya chuma, bado wana "thee" na "tha" zao, yaani ile "wewe" ya mtu mmoja ambayo sisi tuliikuta kwenye Biblia ya King James tu. Waingereza wengi waliitupa zamani, wakabaki na "you" moja ya mtu na ya umati. Ukiambiwa "you are late" mkiwa watano, hujui anatafutwa nani. Jirani zao wa Barnsley huwatania watu wa Sheffield kwa kuwaita "dee-dah", kwa jinsi wanavyoyatamka maneno hayo. Ila yana adabu zake: zamani mtoto hakuthubutu kumwambia baba yake "tha". Hilo nililielewa bila kufundishwa.

Hata "they" si mali ya asili ya Waingereza. Ilitoka kwa Waviking, wale walioiteka York mwaka 866, wakalowea, wakaoa, lugha zikachanganyika hadi "they", "them" na "their" zikawa za Kiingereza. Sijasikia kwingine watu wakitekwa halafu wakabaki na viwakilishi vya mtekaji.

Sasa kazini. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na sharti ni kwamba kila kilichotokea kiandikwe kabla ya kukabidhi zamu: alikula, alikataa, alilala. Kwetu "aliamka" haijali kama ni babu au bibi. Kwa Kiingereza, kila mtu akikohoa lazima useme ni mume au mke. Kuna kijana mmoja wa Singida, anajua fika "he" ni nani na "she" ni nani, lakini saa kumi na moja alfajiri usingizi nao una sarufi yake. Akaandika taarifa ya bibi mmoja mjane, aliyepita miaka 80: "She slept well. He woke up at 3 and asked for tea."

Msimamizi akaja na karatasi mkononi. Mwanamume gani aliamka saa tisa usiku chumbani kwa bibi? Kijana akaapa hakukuwa na mwanamume. Taarifa inasema yupo, na chai alitaka. Ikabidi aulizwe bibi mwenyewe. Bibi akavaa miwani, akaisoma pole pole, kisha akauliza kama huyo bwana amesema atarudi lini.

Kijana akashauriwa: ukiwa na shaka, andika "they". Si uzushi wa juzi, maana Waingereza wanamtaja mtu mmoja kwa "they" tangu karne ya 14. Basi akaing'ang'ania. Tangu hapo kila mtu kwake ni "they". "They ate all the porridge and wanted more." Jikoni wakapeleka bakuli mbili. Bibi hakulalamika.

Na vitenzi, Mjomba. Ulitwambia tuongeze "-ed" mambo yaishe. Hukusema kwamba vile kumi vinavyotumika kuliko vyote, vya kuwa, kufanya, kusema, kwenda na ndugu zao, hakuna hata kimoja kinachoikubali "-ed" hiyo. Neno la kila siku mtoto hulisikia mpaka likamganda na ukorofi wake wote. La nadra hulisahau, akalipachika "-ed" likanyooka. Ndivyo "holp" ilivyogeuka "helped". "Went" yenyewe ni mtoto wa kufikia: alizaliwa na "wend", akahamia kwa "go". Mtoto wa jirani, miaka minne, anasema "I goed". Nilimwambia mama yake kwamba mtaa mzima huyu peke yake ndiye anayekutii.

Lakini haki itendeke. Mwenzetu mmoja wa zamu, Mwingereza, anajifunza Kiswahili apande Kilimanjaro. Nikampa "nilisoma", "nililala", akafurahi kuona mambo yamepangika. Akajaribu kukanusha: "silisoma". Hapana, "sikusoma". Ile "li" imekwenda wapi? Imetoka, imeingia "ku". Sawa, akasema, basi "alila". Hapana, "alikula". Mbona "ku" imo na hakuna kukanusha? Hiyo ni nyingine. Na ya "hakula"? Akafunga daftari, akaenda kuchemsha maji. Baadaye akarudi kuuliza, mtu akisema "anakuja", tunajuaje kama ni mume au mke. Nikamwambia tunasubiri afike.

Kuhusu hela za mabati: ujumbe wako ulianza na "I had been expecting". Wakati huo wa kitenzi ulitufundisha kidato cha tatu, na tangu hapo sijamwona mtu akiutumia mtaani. Nilipouona nikajua deni limekomaa. Nimetuma Ijumaa kwenye simu ya Mama, maana yako haina chaji siku zote. Mama akikwambia hazijafika, mwulize tena. Zimefika.

Mpwa wako