Kituo Chetu Kizuri Kisichochaji

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,

Sisi madereva wa bajaji za umeme wa stendi ya zamani tunakushukuru kwa kituo cha kuchajia magari ulichotuzindulia. Utepe ulikatika vizuri, pilau ilitosha, na ile nguzo nyeupe inapendeza mpaka maharusi wanaipitia Jumamosi kupiga picha. Tangu siku ile haijaharibika hata mara moja, maana hakuna aliyeitumia.

Kosa ni letu, tulinunua vyombo bila kukuuliza. Nguzo yako ina plagi ya magari ya Ulaya. Gari la umeme mjini hapa ni moja tu, Nissan Leaf ya mwalimu mstaafu, mtumba wa Japani, na tundu lake la kuchaji haraka ni la CHAdeMO. Mzee alikuja, akaijaribu plagi wima, akaigeuza, akaipuliza vumbi, akarudi zake nyumbani. Bajaji zetu sisi zinataka plagi ya pini tatu, ileile ya pasi. Nguzo yote ile, na urefu wake, haina tundu la pasi.

Kwa hiyo tunachaji kwa kinyozi. Waya unatoka dirishani, unavuka mtaro, unapita chini ya benchi la wateja. Bajaji mbili zikichomekwa na mashine ya kunyolea ikiwaka, swichi kuu inajizima. Juzi kijana mmoja alikwenda kwenye posa na kichwa cha nusu.

Wengine wanachaji nyumbani kwa mama mwenye nyumba. Yeye LUKU yake ni ile ya Sh100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Betri ikiwa tupu inakula uniti tano hivi kila usiku. Piga hesabu: siku 15, basi. Kuanzia hapo bei inapanda zaidi ya mara tatu, na ukimwamkia asubuhi anaitikia kwa pua.

Umeme wenyewe si haba. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115. Sisi hatuombi megawati, Mheshimiwa. Tunaomba soketi sita za pini tatu, mita ya LUKU tutakayoilipia wenyewe, na bati la kuzuia mvua, pale chini ya mwembe tunapopaki. Fundi wa mtaani anasema ni kazi ya siku mbili. Kama kikwazo ni utepe, tutachanga.

Na hiyo nguzo, tafadhali, asije mtu kuihamisha kabla ya wiki tatu kwisha. Kuku wa mama ntilie ameanza kulalia mayai nyuma yake.

Wako watiifu,
Madereva wa bajaji, stendi ya zamani