Ukijikuta Umo Ndani ya Riwaya: Mwongozo kwa Mtu wa Kawaida Anayewindwa

Hatari ya ajabu haina haja na komando. Komando ana mshahara, ana bunduki, na ana mkubwa wa kumpigia simu mambo yakimwia magumu. Waandishi wa riwaya za kusisimua waliligundua hili zamani: msomaji haumii sana askari akipigwa risasi, lakini akipigwa mwalimu wa lugha au mhandisi wa migodi, mtu ambaye asubuhi ile shida yake kubwa ilikuwa shati lisilopigwa pasi, hapo hata chai hupoa mezani. Wewe unayesoma hapa huenda ni mtu wa namna hiyo. Basi usome mwongozo huu kabla hujabishiwa hodi.

Dalili ya mwanzo ni kukosa la kufanya. Mtazame Richard Hannay, shujaa wa The Thirty-Nine Steps ya John Buchan iliyotoka 1915. Tunamkuta London, Mei 1914, ana miaka 37, amerudi kutoka Rhodesia na fedha za kumtosha alizozichuma kwenye uhandisi wa migodi, hana mke, hana mtoto, hana kikao. Amechoshwa na mji mpaka anafikiria kurudi alikotoka. Ukiona umefikia hali hiyo, tafuta kazi upesi, hata ya kujitolea. Mwenye kamati tatu za harusi kwa wiki hawezi kusakwa na majasusi, maana hawamkuti nyumbani.

Dalili inayofuata hubisha mlango. Jirani wa ghorofa ya juu, Mmarekani aitwaye Scudder, anamvizia Hannay, anajipenyeza ndani na kumweleza kwamba kwa watu wote wengine yeye ni marehemu: amekisingizia kifo chake mwenyewe, kwa kuwa anajua njama ya kumuua waziri mkuu wa Ugiriki na kuiingiza Ulaya vitani. Hannay anafanya jambo ambalo hakuna mwenye nyumba wa Manzese angelifanya. Haulizi kodi italipwa na nani. Anampa chumba, na siku chache baadaye anarudi na kumkuta mgeni wake yuko chali sakafuni, kisu kimempita kifuani. Wazee wetu walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Laiti Hannay angelijua, Scudder angekuwa nje anapalilia na kitabu kingeishia sura ya kwanza. Mtu akikujia na siri ya kuiokoa Ulaya, mpe chai, mpe na nauli.

Kuhusu polisi. Katika riwaya hizi hakuna anayekimbilia polisi mapema, na kila mwandishi sharti atupe sababu. Ya Hannay ni kwamba maiti imelala kwake, shahidi hana, na hadithi yenyewe haiaminiki. Sababu nzuri. Eric Ambler alipata iliyo nzuri zaidi. Katika Epitaph for a Spy, ya 1938, Josef Vadassy, mwalimu wa lugha asiye raia wa nchi yoyote, yuko likizo kusini mwa Ufaransa anapiga picha za mijusi. Filamu inaposafishwa dukani inatoka na picha za ngome za kijeshi za Toulon, kwa kuwa kamera yake imebadilishana na ya mgeni mwingine wa hoteli. Polisi hawamfungi. Wanamwambia arudi hotelini akamtafute mwenye kamera, la sivyo atafukuzwa nchini. Na afukuzwe aende wapi, asiye na pasipoti inayofaa? Kwangu mimi hiyo ni hofu kubwa kuliko kisu cha Scudder. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi akiambiwa jina la cheti haliendani na la kitambulisho anaielewa bila kufafanuliwa. Kwa hiyo, kabla hujaanza kuwindwa, hakikisha nyaraka zako zinasomana.

Na ukijeruhiwa, kumbuka ulipo. Graham, mhandisi wa kampuni ya silaha katika Journey into Fear ya Ambler, ya 1940, anafyatuliwa risasi chumbani mwake hotelini Istanbul. Risasi inamkwaruza mkono, mkono unafungwa kitambaa, na hadithi inaendelea usiku uleule. Wewe ukiwa Dar es Salaam utafika hospitali uulizwe iko wapi PF3, ile fomu ya polisi, nayo inatolewa kituoni, palepale ulipokuwa unapakwepa tangu sura ya pili. Panga majeraha yako kwa busara.

Sasa kukimbia, na hapa ndipo vitabu vya Waingereza vitakapokupoteza kabisa. Hannay anamkuta muuza maziwa asubuhi, anampa sarafu ya dhahabu, anaazima kofia na vazi lake la kazi, na anatoka mlangoni akipiga mluzi mbele ya watu wanaomchunguza. Jaribu hivyo uswahilini kwenu. Hujamaliza uchochoro, mteja wa kwanza atakuuliza mbona jana hukuleta, wa pili atadai chenji yake ya juzi, na wa tatu atasimama akutazame vizuri kisha aite jina lako, na la baba yako pia.

Hannay anarukia treni St Pancras na kuteremka Galloway, Scotland, kwenye vilima vitupu visivyo na mtu kwa maili nyingi. Adui analazimika kurusha ndege ili amtafute. Ndege! Huku hakuna adui atakayejipa gharama hiyo. Atakwenda kwenye kijiwe cha bodaboda aulize. Akikosa jibu hapo, atanunua maandazi mawili kwa mama anayekaa pembeni ya kituo cha daladala tangu alfajiri. Mama huyo anajua umevaa nini, umeongozana na nani, na kwamba uso wako haukuwa na raha.

Simu yako haitakusaidia. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Tangu 2020 zisizosajiliwa hivyo huzimwa. Ukitoa fedha kwa wakala, jina lako linajitokeza lote, hata lile la katikati ulilolificha tangu shule ya msingi. Ukizima simu ndiyo umeharibu zaidi, kwani saa tatu baadaye kundi la ukoo litakuwa limetuma picha yako, ile ya kipaimara au ya maulidi, chini yake namba za wajomba wawili na ombi la dua. Majasusi watakaa tu wasubiri taarifa. Na ukiiwasha, itaanza kuita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Uko wapi?"

"Siwezi kusema, shangazi. Kuna watu wananiwinda."

"Wakina nani hao? Watoto wa nani?"

Swali hilo la mwisho usilidharau. Mashujaa wa Buchan na Ambler hutumia kurasa mia mbili kutafuta jina la adui, na shangazi angelipata kwa simu nne. Angeanza na mjumbe wa nyumba kumi, angemalizia kwa mtu aliyesoma na mama mkwe wa huyo jambazi. Riwaya ya Kiingereza ya aina hii imejengwa juu ya upweke. Kwanza inamfanya mtu awe peke yake, ndipo inamtisha. Kwetu mwandishi atapaswa kuanzia mahali pengine: shujaa ana ndugu themanini wanaompenda, na mmoja kati yao ndiye anayetoa habari zake nje. Mimi naona hilo linatisha zaidi ya vilima vyote vya Galloway.

Ukilazimika kujigeuza, usihangaike na ndevu za bandia. Hannay alifundishwa na rafiki yake wa Afrika Kusini, Peter Pienaar, kwamba siri ni kuingia katika mazingira mpaka wewe mwenyewe uamini kwamba ndipo kwenu. Barabarani anamkuta mponda kokoto anayeumwa kichwa kwa pombe za harusi ya binti yake, anamruhusu akalale, anajipaka vumbi na kuponda kokoto badala yake. Adui wanapita, wanazungumza naye, na nusura wamgundue kwa viatu: vizuri mno kwa kazi ile. Somo ni kandambili. Unaweza kubadili jina, lafudhi na dini, lakini ukivaa viatu vya ofisini kwenye genge la zege umekwisha.

Bastola achana nayo. Graham alipewa moja na rafiki, akapanda nayo meli ya kwenda Genoa, na ikaibwa chumbani mwake kabla hajaitumia. Ambler alikuwa na masomo ya uhandisi na kazi ya matangazo ya biashara nyuma yake. Alijua kwamba mtu wa kawaida akishika silaha huwa amempa adui silaha.

Tumia kazi yako. Hannay anapofungiwa katika stoo ya adui, hakuna karate wala maombi. Anapekua makabati gizani, anakuta baruti na tambi zake, na kwa kuwa ameshinda migodini miaka mingi anaitambua na anajua kuitega, ingawa kiasi cha kutumia anabahatisha tu. Hiyo ndiyo haki ya riwaya hizi kwa msomaji: mlango unafunguliwa na ujuzi tulioonyeshwa tangu mwanzo. Kwa hiyo jiulize leo, ukifungiwa stoo, unajua nini? Fundi cherehani anajua. Kondakta wa daladala anajua mno, na nadhani angewashinda wote, kwani kukumbuka sura ya mtu, kituo alichopandia na kiasi anachodai ni kazi yake ya kila siku. Ofisa mipango mkakati, pole sana.

Onyo moja kwa wasomaji Waafrika: kabla hujakubali safari yoyote, uliza umeajiriwa kama nani. Katika King Solomon's Mines ya H. Rider Haggard, ya 1885, ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, Khiva anararuliwa na tembo akimwokoa Mwingereza, na Ventvögel anakufa kwa baridi pangoni. Waingereza watatu wanarudi salama, na almasi mifukoni. Mtumishi pekee anayevuka salama ni Umbopa, na yeye hakuwa mtumishi hata kidogo. Alikuwa mfalme aliyejificha. Ukipewa mzigo ubebe na hujioni kuwa na ufalme wowote mbele ya safari, rudisha posho uondoke usiku huohuo.

Utaniuliza, na sisi je? Tunazo riwaya za kusisimua, tena tamu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, Willy Gamba wa Elvis Musiba tangu Kufa na Kupona ya 1974, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vijana wa zama zile walizisoma chini ya dawati mwalimu akiandika ubaoni. Lakini hao wote ni mafundi wa kazi hiyo. Gamba ni jasusi na Joram ni mpelelezi. Hatari ndiyo ofisi yao. Mtu wa kawaida katika vitabu hivyo mara nyingi huonekana ukurasa wa kwanza, akiwa maiti. Ni lini atapewa naye nafasi ya kufika mwisho?

Limebaki suala la kumtambua adui, nalo nimelichelewesha kwa sababu ndilo gumu. Hannay anapoifikia nyumba ya pwani ya Kent, yenye ngazi 39 za kuteremkia baharini, anawakuta watu watatu wanaoonekana Waingereza wastaarabu, wametoka michezoni, wanakula chakula cha jioni kisha wanacheza karata. Hawana kovu. Hawana kicheko cha kishetani. Anaona aibu mpaka anakaribia kuomba radhi na kwenda zake, na kinachomwokoa ni vidole vya mmoja wao vinavyogonga magoti kwa namna aliyowahi kuiona. Huku kwetu usimtafute mwenye miwani myeusi kwenye gari lenye vioo vya kiza. Huyo huenda ni mtoto wa mtu tu, ametoka saluni. Mtafute yule anayewahi kufika msibani, anayeandika michango kwa mwandiko mzuri, anayemjulia hali kila mzee kwa jina.

Buchan aliiandika hadithi yake akiwa kitandani anaumwa kidonda cha tumbo, na ni kitabu chembamba, cha jioni mbili. Kwa hiyo nani anasema hana muda wa kuandika cha kwetu? Nakupa mwanzo. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Ni Jumamosi, wanachama wamekaa, wenye funguo wawili wamefika, na wa tatu, mama muuza vitenge ambaye hajawahi kukosa kikao, hapatikani kwenye simu. Mweka hazina anatoa jasho. Wewe mwenye kalamu, endelea kutoka hapo, na tafadhali usimwite Willy Gamba.