Diwani Amelala Chali

Wilayani Ngara samaki hufika akiwa ameshamaliza matatizo yake. Dagaa hushushwa sokoni wakiwa wakavu ndani ya gunia, sangara huja amebanikwa, sato hulala juu ya barafu akisubiri bei. Kwa hiyo kijana mmoja alipopanda basi Mwanza akiwa amepakata kopo lenye maji na samaki mwekundu aliye hai (kopo, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019), safari nzima ilikuwa ya kujieleza. Stendi ya Biharamulo muuza mahindi ya kuchoma alichungulia dirishani, akauliza kwa nia njema kabisa: huyo kweli anamtosha mtu mmoja?

Alikuwa zawadi kwa wapwa zake wa Ngara mjini. Watoto walimtazama akifungua na kufunga mdomo tangu asubuhi hadi jioni bila neno kusikika, wakamwita Diwani. Makazi yake yakawa bakuli la kioo la mviringo, lile ambalo mama yao alikuwa ameliweka kabatini kwa ajili ya wageni wa heshima.

Bakuli hilo ndilo chanzo cha mengi. Madiwani wenye sauti, wa mji wa Monza nchini Italia, waliyapiga marufuku mabakuli ya namna hiyo mwaka 2004, na Roma ikafuata mwaka 2005. Shida ya bakuli ni rahisi: maji ni machache, na mdomo mwembamba wa bakuli hauingizi hewa ya kutosha. Samaki huyu wa dhahabu, ambaye Wachina walianza kumfuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, hutoa amonia kupitia matamvua yake mchana na usiku. Kwenye bwawa amonia hiyo hupotea. Kwenye bakuli la pipi humrudia mwenyewe.

Kisha kuna suala la ukarimu. Katika nyumba ile hakuna anayekaa bila kukaribishwa chakula, na Diwani alikaa pale saa zote. Mtoto wa kwanza alimpa makombo ya mkate kabla ya kwenda shule, wa pili akampa unga wa dagaa, wa tatu akaona mwenzake ameonewa na kumtupia kipande cha ugali. Bibi, mzaliwa wa Biharamulo, alikuwa akimwongezea kidogo jioni kwa sababu “hajamwona akila”. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula, ana utumbo tu. Lakini hana adabu ya kukataa.

Asubuhi moja Diwani akakutwa anaelea chali, tumbo juu, macho makavu, mdomo bado unahutubia.

Mama alidhani amekufa. Paka wa jirani alidhani hivyo hivyo, ila kwa furaha. Mjomba aliyekuwa ametoka Rusumo alitoa uamuzi kwamba samaki amezidiwa na baridi ya milimani, akalisogeza bakuli karibu na jiko la mkaa. Hapo alikosea kwa usahihi wa kushangaza: samaki huyu ni wa maji baridi, nyuzi 18 hadi 22 zinamtosha, na maji yakipata moto hubeba oksijeni pungufu. Mjomba hakukata tamaa. Safari iliyofuata alileta dumu la maji ya mto Kagera, “maji ya asili”, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Viktoria, na karibu nusu ya tope lake, kwa kukadiria kwa macho, lilikuwa kwenye dumu lile.

Dada wa kazi ndiye aliyefanya kosa la kiungwana kuliko yote. Alimwaga maji yote, akasugua bakuli na kokoto zake kwa sabuni ya unga hadi zikang'aa. Kwenye kokoto zile walikuwa wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha kuwa naitreti yenye madhara madogo. Wote wakaondoka na povu. Maji ya samaki hubadilishwa robo kwa robo, na ya bomba lenye klorini hulazwa kwanza kwenye ndoo wazi usiku kucha na mchana wake.

Bibi naye hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alikulia Biharamulo ya kabla Chato haijamegwa kuwa wilaya peke yake, wakati wilaya bado ilikuwa na ufukwe wa ziwa, na anawajua ningu, ambao ni wa ukoo mmoja na Diwani. Alisema dawa ni chumvi. Na alikuwa sahihi: gramu moja kwa lita humpunguzia samaki mzigo wa kurekebisha maji mwilini. Ila alitokea jikoni akiwa na chumvi mkono mmoja na limau mkono wa pili, na watoto wakapiga ukunga uliosikika kwa jirani.

Ndipo akaitwa bwana mifugo, ambaye siku hiyo alikuwa mtaani kwa ajili ya ndama.

“Shikamoo, Bibi. Mgonjwa yuko wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Yuko kwenye bakuli.”

Alitazama kwa muda mrefu. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na oksitetrasaiklini ya ng'ombe, ile ambayo hutolewa mililita moja kwa kila kilo 10 za uzito. Akapiga hesabu kwa sauti. Mgonjwa wa gramu 30 anastahili mililita 0.003. Tone moja la kawaida ni kama mililita 0.05, yaani dozi yake na ya wenzake zaidi ya kumi na watano. Akafunga mkoba, akafungua simu.

Jibu lilikuwa ni kifuko cha hewa, kinachomsaidia samaki kukaa wima majini. Kwa samaki huyu kifuko hicho kimeunganishwa na njia ya chakula. Utumbo ukijaa, au samaki akimeza hewa anapodaka makombo yanayoelea, kifuko hubanwa na mwenyewe hupinduka. Tiba ni njaa ya siku mbili au tatu, kisha njegere iliyochemshwa, ikamenywa ganda na kupondwa.

“Mgonjwa anyimwe chakula?” Bibi aliuliza. “Hayo mmesomea wapi?”

Watoto wakawekwa zamu ya kulinda bakuli dhidi ya huruma yake. Njegere ilihitajika moja. Sokoni mama muuzaji hakuwa na kipimo cha moja, kwa hiyo familia yote ilikula njegere kwa ndizi na mgonjwa akapata nusu ya punje. Maji yakahamia kwenye beseni pana. Siku chache baadaye Diwani alisimama wima, akaendelea na hotuba.

Samaki wa aina hii akitunzwa vizuri huishi hata zaidi ya miaka 10; yule wa Uingereza aliyeitwa Tish, aliyeshindaniwa kwenye gulio la michezo mwaka 1956, alikufa mwaka 1999. Mama alipoelezwa hivyo alikaa kimya, akihesabu njegere za miaka 43. Mjomba alikuwa na hesabu nyingine: Wazungu hufuga furu wa Ziwa Viktoria kwenye matangi ya kioo kwa pesa nyingi, na hapa furu anaishia kwenye kikaango. Anatafuta mshirika wa biashara.

Bwana mifugo alirudi kuandika taarifa yake ya mwezi. Kwenye daftari lake kulikuwa na safu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku na mbwa. Aliandika mmoja, chini ya “wengineo”, na kwenye matibabu akajaza: njegere.